Bei ya Mwenye Kadi

Alhamisi adhuhuri fundi wa lifti alirudi nyumbani kula, akamkuta mama mkwe wake amesimama katikati ya sebule, viatu bado miguuni, anaitazama simu yake kama vile imemtukana.

"Basi limekufa," alisema.

"Basi gani, mama?"

"Lile dogo la kutupeleka kesho! Mwenyewe anasema giaboksi imekatika meno. Halafu ananiambia pole. Pole nitaipanda?"

Fundi aliweka sanduku lake la vifaa chini taratibu. Alijua uzito wa jambo lile. Jumamosi saa nne asubuhi, katika mji ulio ng'ambo ya vilima, timu nne zilizobaki zingekutana kuvuta kamba kugombea kombe la wanawake waliotimiza miaka hamsini na mitano. Mojawapo ya hizo nne ilikuwa timu ya mama mkwe wake. Wenyewe walijiita Visiki, kwa sababu kisiki hakihami. Kwa miaka mitatu mfululizo walikuwa wamehama vizuri tu, wakitolewa siku ya kwanza na kurudi nyumbani na matope magotini. Lakini mwaka huu walikuwa wamemvuta kila aliyesimama mbele yao. Mama mkwe ndiye aliyekaa mwisho wa kamba, yule anayeipitisha chini ya kwapa na kuizungusha begani, kisha kulala nyuma na uzito wake wote. Wenzake walimwita Nanga. Alikuwa ameuza viatu vya mitumba sokoni miaka thelathini na mmoja, na tangu alipostaafu hapakuwa na kitu kilichomrudishia damu usoni kama kamba ile.

"Watu wanane," alisema, akiketi ukingoni mwa kochi. "Nani atatubeba watu wanane kwa taarifa ya siku moja?"

Hapo ndipo fundi alipohisi moyo unamruka. Aliingiza mkono mfuko wa nyuma, akatoa pochi, na ndani ya pochi akatoa kadi ya rangi ya dhahabu iliyofunikwa nailoni isichubuke.

"Mimi!" alisema. "Mama, mimi nitawapeleka. Hii unaijua?"

Kila mtu nyumbani aliijua. Kazi ya fundi ilikuwa kuzunguka mji hadi mji kufufua lifti zilizokwama, na kwa kuwa vifaa vyake vilikuwa vizito alikodi gari kila safari, kutoka kampuni ileile, kwa miaka saba. Miaka miwili ya mwanzo walimpa kadi ya kijani. Siku alipopewa ya dhahabu alinunua keki.

Mke wake, nesi wa chumba cha upasuaji, alikuwa mezani akila haraka haraka kabla ya zamu. Alimeza, akauliza kwa upole, "Umewahi kulinganisha bei yako na ya mtu asiye na kadi?"

"Nilinganishe ya nini? Mimi mwanachama."

"Ndiyo maana nauliza."

 Fundi alikuwa ameshapiga simu, na kwa kuwa alitaka wote wasikie aliweka spika. Sauti nyororo ikamkaribisha: karibu tena, mwanachama wetu mtukufu. Fundi alimtazama mama mkwe, nyusi juu. Umesikia mtukufu? Akaeleza haja yake: gari la viti tisa, kutoka kesho saa sita mchana hadi Jumapili saa sita. Gari lipo, sauti ilisema. Limebaki moja. Kwa bei ya mwanachama, punguzo likiwa limeshatolewa, ni laki tatu na elfu arobaini.

"Niwekee!" alisema fundi, akakata simu na kunyoosha mikono juu kama aliyefunga goli. "Mmeona? Dakika mbili."

Mama mkwe hakunyoosha mkono. Alikuwa anachezesha kidole kimoja kwenye paja, tabia aliyotoka nayo sokoni.

"Mwanangu," alisema, "bei ya kwanza ni salamu. Salamu haijibiwi kwa kufungua pochi. Nipe hiyo namba."

"Mama, hii si sokoni. Hawa wana kompyuta."

"Nipe."

Alipiga kwa simu yake mwenyewe. "Haloo. Mimi sina kadi, sina cheo, nina safari tu," alisema, na akaomba gari lilelile, siku zilezile. Naye aliweka spika. Sauti, tena ileile nyororo, haikumwita mtukufu. Ilimwita mteja. Ikamwambia ana bahati, kuna ofa ya wikendi kwa yeyote anayepiga simu: laki tatu na elfu kumi.

 Nesi alianza kucheka, maji yakampalia, ikabidi mama yake ampige mgongoni huku naye anacheka. Fundi alibaki na kadi mkononi. Masikio yalimwaka moto.

"Elfu thelathini zaidi," alisema. "Mtukufu ndiye analipa zaidi ya mpita njia?"

"Labda hizo elfu thelathini ndizo za utukufu," alisema mke wake, akifuta machozi.

Ndipo fundi alipofanya jambo ambalo alilijutia kabla hata halijaisha. Alipiga tena, na kwa hasira akasema, "Futa! Futa jina langu, sitaki!" Nao wakafuta. Alipokata simu akakumbuka kwamba gari lilikuwa moja, na mama mkwe alikuwa ameuliza bei tu, hakuweka jina.

"Sasa umefanya nini?" mke wake aliuliza.

Fundi na mama mkwe walipiga tena, kila mmoja kwa simu yake. Saa ya kupokea oda za simu ilikuwa imetoka kupita, kila mmoja aliambiwa, afike ofisini kesho saa mbili, wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kupewa.

Jioni nzima fundi alikuwa kwenye shimo la lifti ya jengo la benki, akipaka grisi kwenye reli, na kichwani akipanga safari zake za miaka saba moja moja. Kama kila moja ilizidi hata kidogo tu! Lakini chini ya uchungu ule kulikuwa na kitu kingine kinachofurukuta, na alijishangaa kukitambua. Alitaka kujua. Alikuwa mtu wa kufungua vitu na kuona ndani kuna nini, na kadi ile alikuwa hajawahi kuifungua.

Ijumaa saa mbili kasorobo yeye na mama mkwe walikuwa mlangoni, nyuma ya watu kumi na mmoja waliowahi zaidi. Nyuma yao, kwenye ukingo wa maua, Visiki saba wengine walikuwa wameketi juu ya mabegi yao, kwa kuwa mama mkwe aliwaambia waje hapohapo na kila kitu. "Tukipata tunaondoka, tukikosa tunalia pamoja," alisema. Mmoja wao, mpishi wa shule, alikuwa amebeba kamba ya mazoezi begani, nene kama mkono. Wapita njia waliigeukia.

Mlango ulipofunguliwa, ofisi ilinuka manukato ya gari jipya. Ukutani nyuma ya kaunta kulikuwa na ubao wa kulabu za funguo, nyingi zikiwa tupu. Palikuwa na foleni mbili zilizotengwa kwa kamba nyekundu ya mahameli. Ya kawaida ilijaa papo hapo: watu kumi na mmoja, na mama mkwe wa kumi na mbili, maana alisema yeye hana kadi na hataki kubebwa. Foleni ya wanachama ilikuwa na mtu mmoja tu, na huyo alikuwa fundi.

"Karibu, mwanachama," alisema dada wa kaunta, mwenye kalamu ya risasi iliyochomekwa kwenye nywele. Alikuwa hata hajakaa vizuri.

"Gari la viti tisa bado lipo?"

Dada aligeuka, akatazama kulabu. 

"Lipo. La mwisho."

"Nalitaka! Lakini kwanza, dada yangu, nieleze kitu kimoja, na unieleze kweli. Kwa nini mimi wa miaka saba naambiwa laki tatu na arobaini, na mama yule pale, ambaye hajawahi kukodi hata toroli, anaambiwa laki tatu na kumi?"

Dada hakuona aibu. Alionekana kama mtu aliyesubiri swali hilo muda mrefu. Alichomoa kalamu kichwani.

"Kaka, kadi yako inakupunguzia asilimia kumi. Lakini inapunguza kutoka bei ya kwenye orodha. Ofa ni kitu kingine, haina uhusiano na orodha, inakuja na kwenda, na haichanganyiki na kadi. Wiki ambayo kuna ofa, mara nyingi asiye na kadi anapata nafuu. Wiki ambayo hakuna, wewe ndiye unayepata."

"Na mimi nitajuaje?"

"Unauliza. Bei zote mbili. Kila mara."

"Miaka saba hakuna aliyeniambia!"

"Miaka saba," alisema dada, bila ubaya, "hukuuliza."

Fundi alimgeukia mama mkwe kwenye foleni ya pili. Kisha, kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia, akasema, "Basi mama, njoo! Tuchukue ofa!"

"Subiri kwanza," alisema dada. "Mnakwenda wapi?"

Fundi alimtajia mji wa ng'ambo ya vilima.

"Kilometa mia tatu na tisini kwenda. Ukirudi ni mia saba na themanini." Alikuwa anaandika nyuma ya karatasi ya risiti. "Ofa ina kikomo. Kilometa mia mbili kwa siku, siku mbili ni mia nne. Zinazozidi ni mia tatu na themanini, na kila moja unalipia mia tano. Hiyo ni laki moja na elfu tisini juu ya bei. Kwa hiyo gari la laki tatu na kumi litakuwa la laki tano."

"Na la mwenye kadi?"

"Kadi ya dhahabu haina kikomo. Endesha mpaka ukutane na maji."

Mama mkwe alikuwa ameshatoka kwenye foleni na kufika. Alichukua ile karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisoma midomo ikitembea, na akaangusha kicheko kimoja kikubwa.

"Wewe binti," alisema, "ungekuwa sokoni ungetajirika. Na mimi nikijiunga sasa hivi?"

"Kujiunga ni bure, mama. Lakini utaanza na ya kijani. Ya kijani inakupa foleni fupi na kalenda."

"Kalenda ninayo."

 Fundi alikuwa anafikiri kuhusu safari zake, na sasa aliziona vizuri. Nyingi zilikuwa za karibu: kilometa themanini, mia, mia na ishirini, kwenda na kurudi. Kikomo asingekifikia hata siku moja. Wiki za ofa alikuwa amelipia barabara ambayo hakuipita. Lakini leo, kwa mara ya kwanza, kadi ilikuwa na kazi.

"Niandikie kwa kadi," alisema. "Laki tatu na arobaini, nimekubali. Ila naomba na mimi nijifunze kuuliza. Kuna kitu kingine chochote ambacho sijawahi kuuliza?"

Dada wa kaunta alitabasamu kwa mara ya kwanza. Aligonga kompyuta, akasubiri, akagonga tena. Kisha akakigeuza kioo ili naye aone.

"Pointi," alisema.

"Pointi gani?"

"Zako. Kila ukikodi unapata. Watu wengine wanazitumia kila mwaka. Wewe zimelala hapa kama godoro. Za zamani zimeshakufa, pole. Lakini zilizobaki zinatosha siku moja ya bure, hata kwa gari la viti tisa."

"Siku moja ya..."

"Bure. Utalipia siku moja tu. Laki moja na elfu sabini."

Fundi alishika ukingo wa kaunta. "Mbona hamkunipa?"

"Pointi hazijileti, kaka. Ni mpaka aziombe mwenyewe."

Hata kabla fundi hajatoa pochi, mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni, ameufungua, na kupiga ukelele uliowafanya njiwa wa paani waruke wote kwa pamoja. "Visiki! Inukeni! Tunakwenda!" Wanawake saba waliinuka, mpishi wa shule akazungusha kamba hewani, na vigelegele vikaingia mpaka ndani ya ofisi. Mtu wa kwanza kwenye foleni ya kawaida, mzee mwenye miwani, alimuuliza dada wa kaunta, "Samahani, na mimi nina kadi ya namna hii, nilikuwa sijui foleni yake ni ile. Pointi zangu ni ngapi?"

Gari lilikuwa jeupe, refu, lenye mlango wa pembeni wa kuteleza. Fundi alilizunguka mara mbili akipiga picha kila mkwaruzo, kisha akakaa kwenye usukani na kushusha pumzi. Kwa kuwa walipewa ufunguo mapema, saa sita kamili walikuwa wameshauacha mji. Walipoanza kupanda vilima Visiki waliimba wimbo wao wa kuvutia kamba, ambao una maneno mawili tu, "shika" na "lala," na kila waliposema "lala" walilala nyuma wote kwa pamoja, gari likayumba, na fundi akapiga kelele, "Jamani, dereva ni mmoja!" Walicheka zaidi. Kwenye kona moja ya juu bonde zima likafunguka chini yao, la kijani na la buluu, na mwalimu mstaafu aliyekaa dirishani akasema tu, "Ah!" Wote wakageuka kutazama.

Jumamosi saa nne uwanja ulikuwa umejaa. Visiki walivuta nusu fainali wakashinda mivuto miwili mfululizo, na fundi, aliyekuwa pembeni na chupa za maji, aligundua kwamba amezikamua chupa zote mbili mpaka maji yamemwagika kwenye viatu. Fainali ilikuwa dhidi ya wanawake wa kiwanda cha matofali. Walikuja na mabega mapana, wakapaka chaki mikononi bila haraka, bila kuongea.

Mvuto wa kwanza walichukua wao. Visiki waliburutwa kama mkeka.

Simu ya fundi ililia. Ilikuwa mke wake, kutoka chumba cha mapumziko hospitalini. "Vipi?"

"Tumepigwa wa kwanza."

"Nipeleke kwa mama."

Fundi alikimbia, akaweka simu sikioni kwa mama mkwe, ambaye alikuwa amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nesi alisema kitu ambacho fundi hakukisikia. Mama mkwe aliitikia, "Eeh. Eeh. Najua." Akarudi kwenye kamba.

Mvuto wa pili Visiki walikaa chini zaidi. Walichimba visigino, wakaacha wenzao wavute mpaka wachoke, kisha mpishi wa shule akasema "lala," na kamba ikaja. Mmoja kwa mmoja.

Mvuto wa tatu ulidumu dakika tatu na sekunde kumi. Fundi alizihesabu baadaye kwenye video ya mtazamaji mmoja, maana pale uwanjani alihisi ni saa nzima. Kitambaa chekundu katikati ya kamba kilikwenda shubiri moja huku, shubiri moja kule, kikasimama. Hakuna aliyeimba tena. Zilisikika pumzi tu, na nyasi zikikatika. Mama mkwe alikuwa amelala nyuma karibu aguse ardhi, uso juu, macho wazi kwenye anga, mishipa ya shingo imetoka. Fundi alijikuta naye ameegemea nyuma, mikono imekunjwa, anavuta hewa.

"Mama!" alipiga kelele. "Usihame, mama!"

Hakuhama. Mbele kabisa, mwanamke wa kwanza wa timu ya matofali aliteleza kisigino, nusu hatua tu. Mpishi wa shule alikiona. "Lala!" Wanane wote walilala. Kitambaa kilianza kutembea, polepole, kisha haraka, kisha mwamuzi akapuliza kipyenga na wote wakaanguka chali, Visiki wanane wametapakaa kwenye nyasi, wakipiga mayowe kuelekea juu.

Fundi hakukumbuka kuvuka mstari. Alijikuta amepiga magoti katikati yao, analia na kucheka, anakumbatiwa na mikono asiyoijua ni ya nani. Simu mfukoni ilikuwa bado iko hewani. Kutoka ndani yake ilisikika sauti ndogo ya mke wake ikiuliza, "Nini? Nini? Jamani mbona mnapiga kelele tu, semeni!"

"Tumechukua!" alisema. "Tumechukua kombe!"

Sauti ya kelele ilitoka hospitalini, na baada yake sauti nyingine zikiuliza kuna nini.

Mama mkwe aliketi. Alitazama viganja vyake. Vilikuwa vyekundu, vimevimba, vimechubuka kwenye mikunjo yote. Mtu alikuwa amempa soda. Aliizungusha, akajaribu kifuniko, akashindwa, akajaribu kwa meno, kisha akamnyooshea mkwewe.

"Nifungulie, mwanangu," alisema. "Vidole vimekataa."